Katika digrii mseto, neno zito ni "na"

Kila mwaka, majina ya walioitwa vyuoni yakishatoka, simu yangu hugeuka ofisi. Ujumbe hutoka Kyeni, Kagaari, Gaturi, huku kwetu Embu, na siku hizi hata ng'ambo ya mto Thuci, na karibu wote ungedhani umeandikwa na mtu mmoja: "Mwalimu, msichana wetu ameitwa kusomea Biashara na Teknolojia ya Habari. Achukue masomo gani mwaka wa kwanza?" Jibu langu huwavunja moyo. Hachukui, anapewa.

Marekani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huwekewa orodha ndefu ya masomo na mshauri wa kumsaidia kuipunguza. Wetu, siku ya kuripoti, hukuta muhula umekwisha pangwa: yuniti sita au saba, kila moja na nambari yake, na nafasi ya kutia sahihi chini. Uandishi wa programu. Misingi ya mifumo ya kompyuta. Hisabati. Uhasibu. Misingi ya usimamizi. Stadi za mawasiliano. Na ile yuniti ya UKIMWI ambayo mtihani wake hufanyiwa ukumbi uliofurika, watu wa kozi zote wamechanganyika kama abiria wa Krismasi. Nafasi ya kuchagua yuniti huja baadaye, mwaka wa tatu hivi, na kufikia hapo mengi yameshaamuliwa bila mwenyewe kujua.

Hata hivyo swali la wazazi si la kipuuzi. Uchaguzi upo, ila umejificha mahali pengine: kwenye potali ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, kabla ya kuitwa, kwenye wiki chache za mwanzo ambapo mtu bado anaweza kuhama, na, hapo ndipo penye uzito kuliko kote, kwenye namna mwanafunzi anavyozigawia yuniti zake saba saa za jioni. Karatasi aliyopewa inasema zote ni sawa. Hazilingani hata kidogo.

Nianze na jina la kozi, maana ndilo linalowapoteza watu mapema. Naita digrii mseto zile zote zenye "na" katikati: Biashara na Teknolojia ya Habari, ambayo kila mtu anaiita kwa herufi zake, BBIT, Hisabati na Sayansi ya Kompyuta, ambayo vijana wetu huipata Meru au Juja, na zile za Maseno zilizozoeleka kwa mkia wa IT, ambapo hata mtu wa masomo ya sanaa hutoka na kompyuta mkononi. Macho ya mzazi huenda kwenye neno la kwanza na la mwisho. Biashara, nzuri. Teknolojia, nzuri zaidi. Hilo "na" hakuna anayeliuliza chochote, na ndilo lenye kazi. Je, kozi hii inaunganisha vitu viwili, au imevilaza tu kitanda kimoja, kila kimoja kimeupa kingine mgongo?

Mtu wa Runyenjes hana kisingizio cha umbali siku hizi. Panda matatu kuelekea Embu, na kabla hujafika mjini umepita karibu na Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati yake mwaka 2016 katika uwanja ambao wazee wetu waliujua kama chuo cha kilimo. Panda ya upande mwingine, uvuke Thuci, na Chuka hiyo hapo, hati ya mwaka 2013. Endelea mpaka Meru mjini, chukua njia ya Maua, na Nchiru utakikuta Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, nacho cha 2013. Vyuo vitatu, karibu barabara moja ya lami, na vyote vina kozi za kompyuta. Ukaribu huu una baraka zake, na una hatari yake: watu wameanza kuchagua kozi kwa nauli.

Wengine huchaguliwa na saiba. Mwaka juzi nilikuwa Runyenjes kwenye saiba moja nikingoja kuchapisha karatasi zangu. Mbele yangu alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, na mama yake. Vidole vya mwenye saiba vilikuwa tayari.

"Tuweke nini, kijana?"

"Kitu cha kompyuta."

"Vya kompyuta ni vingi. Hii ya biashara iko na soko."

"Weka hiyo yenye soko," mama akasema, akafungua pochi.

Dakika nne, miaka minne ikawa imepangwa. Simlaumu mwenye saiba. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na kazi yake ni kujaza, si kushauri. Lakini kilichokuwa kwenye skrini ni pointi za klasta tu, zile zinazoishia 48, na swali lilikuwa moja: zinatosha au hazitoshi? Pointi zinakwambia kama mlango utafunguka, wala hazikwambii ndani kuna nini.

Cha kufanya ni hiki, na hakigharimu zaidi ya kuchapishiwa kurasa mbili. Tafuta mpango mzima wa kozi, mwaka wa kwanza mpaka wa nne. Idara nyingi huuweka kwenye tovuti; isiyouweka, ipigie. Kisha chukua penseli. Kwa kila yuniti ya mwaka wa kwanza, chora mshale kwenda kwenye kila yuniti ya baadaye isiyofundishika bila hiyo. Nimewapa wanafunzi wangu zoezi hili kwa miaka mingi na picha hutoka ile ile. Stadi za mawasiliano haitoi mshale. Misingi ya usimamizi hutoa mmoja au miwili dhaifu. Uhasibu hutoa kadhaa: gharama, fedha, ukaguzi wa mifumo. Na kisha hisabati na uandishi wa programu hutoa mishale mpaka karatasi inachafuka: miundo ya data, hifadhidata, algorithimu, mitandao, takwimu, akili mnemba. Mwanafunzi aliyepita yuniti hizo mbili kwa alama 41 amepita kwenye karatasi. Kwenye ile michoro ya penseli amekwama, na atalijua hilo katikati ya mwaka wa pili, yuniti nne zikimwangukia siku moja.

Zoezi hilo hilo ndilo linalofichua kozi ambazo "na" yao ni ya bandia. Kama mishale ya upande wa biashara haivuki kamwe kwenda upande wa kompyuta, wala ya kompyuta haivuki kwenda kule, basi umeuziwa nusu mbili za digrii kwa bei ya moja. Sisemi usiende. Nasema ujue kwamba kuunganisha kutakuwa kazi yako mwenyewe.

Majina nayo yanachanganya, na si Kenya peke yake. Mwaka 2005 vyama vya wataalamu wa kompyuta vya kimataifa, ACM na wenzake wa IEEE na AIS, vilitoa ripoti iliyoigawa taaluma hii katika matawi matano: uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, teknolojia ya habari, na uhandisi wa programu. BBIT yetu, ukiitazama kwa jicho la ripoti hiyo, ina jina la tawi la nne na mwili wa tawi la tatu: ni mifumo ya habari, yaani elimu ya jinsi shirika linavyotumia data kufanya kazi yake. Hapo si pabaya hata kidogo. Ila mzazi anayedhani mwanawe anakwenda kutengeneza simu, na kijana anayedhani anakwenda kukwepa hisabati kwa kuwa kuna neno "biashara", wote wawili wamepotea njia.

Sasa niifungue hiyo "na" kwa kitu tunachokijua sote hapa.

Juu kule kwenye ukanda wa chai, kwenye njia za kwenda Rukuriri na Mungania, mkulima hupeleka majani kituoni, yanapimwa kwa mzani wa kielektroniki, anapewa risiti. Mwisho wa mwezi analipwa malipo ya kwanza kwa kila kilo, na baadaye, mwaka wa hesabu ukifungwa, huja ile bonasi inayosubiriwa kuliko mvua. Huwa nawapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kazi ya kuandika programu ndogo ya kujumlisha risiti za mkulima mmoja. Mwanafunzi mmoja, mjukuu wa mkulima, aliianza kwa uangalifu mzuri: kabla ya kuingiza risiti halisi, aliijaribu kwa namba mbili rahisi, kilo 1.1 na kilo 2.2. Aliiambia programu yake iliyoandikwa kwa Python: kama jumla ni 3.3, andika "Sawa"; kama sivyo, andika "Hailingani."

Kompyuta ikaandika "Hailingani."

Akafuta, akaandika upya. Hailingani. Akaiambia imwonyeshe jumla yenyewe, ikamwonyesha 3.3000000000000003. Akaniita akiwa na uso wa mtu aliyeibiwa. "Mwalimu, mashine hii ni mbovu."

Mashine ilikuwa nzima. Sisi tunahesabu kwa makumi, yenyewe inahesabu kwa mawili. Ukitaka kuandika theluthi moja kwa desimali zetu unaandika 0.333 na kuendelea mpaka karatasi iishe, na bado hujafika. Kompyuta nayo ina hali hiyo hiyo kwa sehemu ya kumi: nusu inaiandika kamili, robo kamili, thumuni kamili, lakini 0.1 kwake haina mwisho, hivyo inaikata mahali fulani na kubaki na kitu kilicho karibu sana na 0.1, ila sicho. Mwambie mwanafunzi ajumlishe 0.1 mara kumi kwa kitanzi, na badala ya 1 atapata 0.9999999999999999. Na kosa dogo kama hilo limewahi kuua: tarehe 25 Februari 1991, kule Dhahran nchini Saudia, mtambo wa makombora wa Patriot uliokuwa umewashwa kwa saa 100 hivi mfululizo ulishindwa kuzuia kombora la Iraq, na askari 28 wa Marekani wakafa. Saa ya mtambo ilikuwa ikihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na ile sehemu ndogo iliyokatwa kila mara ilikuwa imejilimbikiza mpaka ikafika theluthi ya sekunde.

Kwenye chai hafi mtu. Lakini tazama. Tuseme malipo ya kwanza ni shilingi 23.50 kwa kilo, na mkulima ameleta kilo 12.3. Hizo ni shilingi 289 na senti 5. Hizo senti 5 hakuna sarafu yake mfukoni mwa mtu. Mwanafunzi wa kompyuta akiulizwa atasema: zungusha tu hadi shilingi kamili, ipotee. Mwanafunzi wa uhasibu atashtuka: ipotee wapi? Kila kitu kilichotoka mahali lazima kionekane kimeingia mahali. Wakulima 5,000 wakipoteza senti 5 kila mmoja ni shilingi 250, na siku ya ukaguzi mtu ataulizwa ziko akaunti gani. Mwenye kuunganisha hayo mawili ndiye atakayesema: uzito tuuhifadhi kwa gramu na fedha kwa senti, namba nzima nzima zisizo na desimali, na masalio ya kuzungusha yawe na akaunti yake yenye jina. Sentensi hiyo moja ina muhula mzima wa programu na muhula mzima wa uhasibu ndani yake. Hakuna mhadhiri aliyemfundisha. Nusu moja alifundishwa Jumatatu, nusu nyingine Alhamisi, na "na" akaitia mwenyewe.

Mfano huo nimeurefusha kwa sababu mingi ya migogoro ninayoisikia vijijini kuhusu mifumo ya malipo, iwe ya maziwa, kahawa au akiba na mikopo, si ya wizi. Ni ya watu wawili wanaojua nusu nusu. Anayejua vitabu vya hesabu hakujua kuuliza swali, na anayejua kompyuta hakujua kwamba kuna swali.

Na nusu hizo zina undugu wa zamani. Uhasibu wa maingizo mawili ulichapishwa Venice mwaka 1494 na mtawa Luca Pacioli, ambaye alikuwa mwanahisabati. Kanuni yake ni kwamba tukio moja huandikwa pande mbili, na likiandikwa upande mmoja tu halijatokea. Ukifika kwenye hifadhidata, mwaka wa pili, utafundishwa kwamba muamala ni wote au si chochote: fedha zikitoka kwa mtumaji na umeme ukakatika kabla hazijaingia kwa mpokeaji, mfumo urudishe kila kitu nyuma kama kwamba hakuna aliyegusa. Taifa zima limekuwa likiishi juu ya kanuni hiyo tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007. Mwanafunzi aliyesikiliza uhasibu kwa makini mwaka wa kwanza hulielewa somo hilo kwa dakika kumi. Aliyelala anakariri.

Hapo nimeshatoa msimamo wangu kuhusu uhasibu: ausikilize, tena kwa sikio la mtu wa programu. Lakini akiniuliza saa zake za jioni azimwage wapi, sitasita. Hisabati na programu. Sababu yangu haina uhusiano na heshima ya masomo hayo. Ni kwamba usimamizi, masoko, hata sehemu kubwa ya uhasibu, mtu anaweza kuyapata baadaye kwa umri na kazi. Runyenjes ina akina mama wa sokoni wanaojua mtaji, faida na mkopo mbaya kuliko vitabu vingi. Hakuna soko linalokufundisha kuthibitisha hoja. Ukiikosa hiyo mwaka wa kwanza, hutaipata kwa kuishi.

Na hisabati yenyewe huwakuta vijana wetu bila kinga. Mtihani wa KCSE, ule wa mwisho wa sekondari, umewazoesha kukokotoa: vekta, matriki, logi, na mwisho kabisa wa kidato cha nne kijipande cha kalkulasi. Chuoni wanakutana na hisabati ya diskriti, ile ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja: seti, mantiki, uthibitisho, grafu. Namba zimepungua, maneno yameongezeka. Mwenye A ya kidato cha nne anaweza kuanguka hapo, na mwenye B ambaye alikuwa mbishi nyumbani akang'ara.

Mfano ninaoutumia darasani ni wa barabara zetu. "Mvua ikinyesha, lori la majani huchelewa." Je, sentensi hii ni ya uongo lini? Darasa hujibu haraka: mvua ikinyesha na lori likaja kwa wakati. Vizuri. Na siku ya jua, lori likichelewa? Hapo kelele huanza. Wengi husema ni uongo, maana hakukuwa na mvua. La, sentensi haijavunjwa. Aliyeahidi kuhusu siku ya mvua hajavunja ahadi siku ya jua, lori lifanye litakavyo. Wanafunzi hukunja uso, wengine huona ni mchezo wa maneno. Kisha nawapeleka kwenye chama cha akiba na mikopo: kanuni inasema mwanachama akiwa na mkopo, awe na mdhamini. Mwandike programu ya kukagua. Wasioelewa lori huandika programu inayowatupa nje wanachama wote wasio na mkopo kwa kosa la kutokuwa na mdhamini. Na ukiwauliza kinyume cha "kila mwenye mkopo ana mdhamini", watakwambia "hakuna mwenye mkopo aliye na mdhamini", kumbe kinyume ni kuwapo angalau mmoja asiye naye. Mmoja huyo ndiye anayetafutwa na mkaguzi. Edgar Codd alipoandika mwaka 1970 muundo wa hifadhidata za majedwali tunazotumia mpaka leo, aliujenga juu ya seti na mantiki hizo hizo. Ndiyo maana mishale ya penseli hutoka hapo kwa wingi.

Kuna wenzangu wasiokubaliana nami. Wanasema mtoto aliyetoka shule isiyo na kompyuta, aliyeigusa kibodi mara ya kwanza wiki ya kuripoti, umwache apumzike kwenye yuniti za biashara mpaka ajiamini. Nawaelewa; nimewaona watoto hao, wanaobonyeza kwa kidole kimoja huku jirani aliyefanya kompyuta kwenye KCSE, na mradi wake wa hifadhidata, anamaliza na kutoka. Lakini kujiamini kwa namna hiyo hudanganya. Jirani yule ametangulia kwenye kuchapa na kufungua faili, na hilo huisha baada ya muhula mmoja. Kwenye kufikiri programu, yaani kuvunja tatizo mpaka liwe hatua ambazo hata mjinga asiyechoka anaweza kuzifuata, wote wameanza mstari mmoja. Asiye na kompyuta atumie maabara saa ambazo wengine wako hosteli wakitazama mpira, na usiku aandike programu kwa kalamu kwenye daftari. Hilo la daftari hawalipendi, na ndilo lililo bora. Kwenye skrini mtu hubahatisha mpaka ikubali.

Niseme langu pia. Mimi mwenyewe, katika chuo nisichokitaja, nilipewa mwaka wa kwanza nafasi moja ya kuchagua: takwimu, au yuniti nyingine iliyosifika kwamba mhadhiri wake hakuwahi kumwangusha mtu. Nilichukua ya pili. Nilipata A, nikaipeleka nyumbani kama kikombe. Mwaka wa tatu nilitaka kusoma uchimbaji wa data, nikaambiwa takwimu iko wapi? Ilibidi niirudie na vijana wa mwaka wa kwanza, nikikaa nyuma, nikijificha kwa kofia. Ile A mpaka leo haijanisaidia kitu.

Kuhusu kuhama, sina mengi. Dirisha la uhamisho lipo, la ndani ya chuo na lile la KUCCPS kutoka chuo hadi chuo, na hufungwa upesi kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo wiki ya kwanza mwanafunzi asiitumie yote kuzoea chakula cha mesi. Aingie darasa la hisabati la kozi yake, na ajipenyeze darasa la hisabati la kozi jirani, Sayansi ya Kompyuta au Hisabati na Kompyuta. Hakuna atakayemfukuza, mwezi huo hakuna mhadhiri anayewajua wanafunzi wake. Akitoka la jirani akiwa na maswali mengi kuliko aliyoingia nayo, na maswali hayo yakamfuata mpaka kitandani, basi ahame. Akitoka akitazama saa, abaki, na asione aibu. Asihame kwa sababu rafiki amehama.

Jambo moja linanisumbua kuliko hayo yote, na linakuja haraka. Watoto wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10 Januari 2026, wakiwa wameshachagua njia: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 ni ya mwaka 2027, na wale wa gredi ya 10 watafika vyuoni 2029. Maana yake penseli yangu ya mishale imechelewa miaka mitatu. Uamuzi uliokuwa ukifanywa saibani na kijana wa miaka 18, sasa unafanywa na wa miaka 15, nao utaamua ni hisabati ipi atakayofika nayo chuoni. Digrii mseto zinahitaji mtoto wa katikati ya njia mbili, na mfumo unamtaka asimame kwenye moja. Vyuo vyetu vya barabara hii vingekuwa vinazungumza na shule za sekondari za Embu na Tharaka Nithi tangu sasa, mlango kwa mlango. Sijaona lori hilo likifika kwa wakati, mvua au jua.

Mwaka huu mama mmoja wa Kyeni alinipigia, hakutaka ujumbe. Nilimweleza yote, mishale, saa za jioni, hisabati ya diskriti ipewe kipaumbele. Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake.

"Sawa, mwalimu. Na hiyo diskriti, naipata Runyenjes ama mpaka niende Embu?"

Nilimwambia anunue daftari la kurasa 200 na kalamu mbili.

"Kompyuta je?"

"Isubiri wiki tatu, mama. Aanze na daftari."

"Aya," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeokoa pesa. "Hilo nitanunua leo."